Ndege Wala Samaki na Mabwawa ya Bukavu: Hasara Hupimwaje?

Mfugaji wa samaki hupoteza samaki kwa njia nyingi, lakini ipo moja anayoishuhudia kila siku mchana kweupe, nayo ni ndege. Mdiria mwenye manyoya meusi na meupe hutulia hewani juu ya bwawa huku mabawa yakipiga kwa kasi, hujitupa majini kichwa mbele, huinuka na kifaranga mdomoni, humgongagonga kwenye tawi kisha humbugia akianzia kichwani. Kwa aliyekaa ukingoni hesabu imekwisha: samaki mmoja ametoka. Kwa mtafiti ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu samaki aliyeliwa na mavuno yaliyopungua si kitu kimoja. Yupo samaki ambaye angekufa hata kama ndege asingekuja. Yupo ambaye kuondoka kwake huwaachia wenzake chakula na nafasi ya kukua. Na yupo ambaye angefika sokoni akiwa na robo kilo. Huyu wa tatu ndiye hasara kamili. Utafiti wa uzamivu kuhusu ndege wala samaki na ufugaji, popote unapofanywa, hurudi kwenye swali hilo: kati ya samaki walioliwa, wangapi wangevunwa?

Bukavu ni mahali penye kila kinachohitajika ili swali hilo lijibiwe vizuri. Mji uko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia hapo milima ya Kabare na Walungu hupanda na kupita mita 1,800, na upande wa pili mto Ruzizi hutoka ziwani na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo, katika eneo ambalo mtafiti anaweza kulizunguka bila kuhama mkoa, kuna mabwawa ya nyanda za baridi, kuna vizimba vinavyoelea ziwani, na kuna mabwawa ya bonde lenye joto. Ndege ni walewale, au wa jamii moja. Kinachobadilika ni maji.

Ziwa lenyewe si la kawaida. Lina kina cha mita 485 mahali penye kina kirefu kuliko pote, lakini oksijeni inapatikana katika mita 60 hadi 70 za juu tu. Chini yake kuna maji mazito yaliyojaa gesi ya kaboni na methani. Kingo zake nyingi ni mwinuko mkali, na sehemu za maji ya kina kifupi ni chache: ghuba, midomo ya mito, na pembe kadhaa za visiwa. Jambo hili huamua ni ndege gani atakula wapi. Kongoti na yangeyange, wanaovua kwa kusimama majini, hujikusanya kwenye pembe hizo chache, na bwawa la samaki lililochimbwa bondeni kwao ni nyongeza ya maji mafupi katika nchi isiyo na maji mafupi mengi. Mnandi, anayepiga mbizi, na mdiria, anayevua akitokea hewani, hawabanwi na kina. Furukombe huchukua samaki wakubwa wa juu ya maji. Fundichuma hupenda mifereji na tope, na mara nyingi anayemfuata ni chura kuliko samaki, ingawa mwenye bwawa akimwona huwa hamuulizi.

Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, maji ya wazi ya Ziwa Kivu hayakuwa na samaki mdogo wa kundi wa kumfaa mdiria mbali na ufuko. Kati ya 1958 na 1960 vifaranga wa dagaa walitolewa Ziwa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Waliokusudiwa hasa walikuwa Stolothrissa, yaani ndagala, lakini aliyeshika mizizi ni mwenzake Limnothrissa miodon, ambaye Bukavu nzima inamjua kwa jina la sambaza. Samaki huyo sasa huvuliwa usiku kwa taa na wavu wa kuinuliwa kutoka kwenye mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na huuzwa katika masoko ya Kadutu na Nyawera kwa kipimo cha sahani. Kule Ziwa Kariba, ambako Limnothrissa huyohuyo alipandikizwa mwaka 1967 na 1968, mdiria alijifunza kumfuata mbali na nchi kavu, alfajiri na magharibi, wakati sambaza anapopanda juu. Hili lina uzito kwa suala la ufugaji. Ndege mwenye chakula kingi ziwani ana sababu ndogo ya kwenda bwawani, na sambaza akipungua, au akizama chini kwa msimu, bwawa hugeuka kimbilio lake. Anayepima hasara ya mabwawa bila kujua hali ya sambaza kwa mwezi huohuo amepima nusu ya jambo.

Ufugaji wa samaki katika mabwawa ya udongo uliingia Kongo katika miaka ya mwisho ya 1940, na kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi ya leo, kilikuwa kitovu cha majaribio yake. Kituo cha Sagana nchini Kenya, cha mwaka 1948, na kile cha Kajjansi nchini Uganda vilianzishwa katika wimbi hilohilo. Mabwawa mengi ya Kongo yaliachwa baada ya uhuru, kisha yakafufuliwa vipande vipande na watawa, mashirika na wakulima wenyewe. Bwawa la kawaida la vilimani huwa ni la ari mbili au tatu, yaani mita za mraba 200 au 300, limechimbwa kwa jembe kwenye kinamasi, linalishwa majani, pumba, mabaki ya jikoni na samadi, na ndani yake kuna tilapia wa kike na wa kiume pamoja. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yanayobeba hoja yote inayofuata.

Tilapia wakiachwa pamoja huzaana mapema mno. Jike huweza kuanza kutaga akiwa na gramu 30 au 50, na baada ya miezi michache bwawa hujaa watoto wanaogombea chakula kilekile. Siku ya kukausha bwawa mkulima hupata ndoo za samaki wa urefu wa kidole, ambao hawana bei. Wataalamu wa mabwawa walilitambua tatizo hili zamani, na mojawapo ya dawa zao ilikuwa kuweka samaki mla samaki ndani ya bwawa, kwa mfano kambare au Hemichromis, ili apunguze watoto. Mdiria hufanya kazi hiyohiyo bila kualikwa. Anachukua samaki wadogo, na katika bwawa lililokwisha kuzaana hao wadogo ndio wanaodumaza wengine. Ndege yuleyule aliyeharibu mwezi wa kwanza anaweza kusaidia mwezi wa sita.

Mfano wa tarakimu unaonyesha ukubwa wa tofauti hiyo. Bwawa la mita za mraba 200 limewekwa vifaranga wawili kwa kila mita, jumla 400, kila mmoja akiwa na gramu tano. Ikichukuliwa kwamba mdiria mmoja anahitaji gramu 20 za samaki kwa siku na zote anazipata hapo, atakula vifaranga wanne kila siku, yaani 120 kwa mwezi. Hiyo ni asilimia 30 ya mbegu, na hakuna kuzaliana kulikoanza ili kufidia. Kwa mkulima aliyenunua vifaranga wake, huo ni msiba. Sasa hamisha gramu hizo 20 hadi mwezi wa sita. Samaki waliopandwa wamefika gramu 80 au 100 na hawaingii tena kwenye koo la ndege ambaye mwenyewe ana uzito wa gramu 80 hivi. Gramu 20 zake anazipata kwa watoto wa bwawani, na ziada ya watoto hao ilikuwa mzigo. Ndege hakubadilika, wala kiasi anachokula. Kilichobadilika ni umri wa bwawa.

Kwa mnandi hesabu ni nyingine. Mnandi mkubwa ana uzito wa kilo mbili na zaidi, na makadirio yanayotumika sana Ulaya humpa nusu kilo ya samaki kwa siku. Yeye anaweza kumeza samaki wa ukubwa wa sokoni, kwa hiyo muda wake wa kuleta hasara haufungwi na ukuaji. Ndiyo maana orodha ya ndege walioonekana bwawani, ikitolewa bila ukubwa wa samaki wanaowala, haisemi lolote la maana kuhusu mavuno.

Hapa ndipo mwinuko wa Bukavu unapoingia, na hapa ndipo penye swali ambalo tasnifu ya mahali hapa ingeweza kuliuliza vizuri kuliko ya mahali pengine. Tilapia hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana nyuzi 23 au 24, na mabwawa ya vilimani huwa baridi zaidi, hasa yale yanayopitishiwa maji ya chemchemi mfululizo. Ng'ambo ya mpaka, ukuaji wa polepole wa tilapia kwenye nyanda za juu za Rwanda ulikuwa mojawapo ya mada zilizochunguzwa katika kituo cha Rwasave, Butare, kwa ushirikiano na vyuo vya Marekani katika miaka ya 1980 na 1990. Samaki anayekua polepole hubaki muda mrefu zaidi katika ukubwa ambao mdiria anaumudu. Kifaranga anayehitaji miezi miwili kuvuka hatari katika bonde la Ruzizi anaweza kuhitaji maradufu yake Kabare. Na kwa kuwa baridi pia huchelewesha kuzaliana, ile faida ya ndege kupunguza watoto huja kwa kuchelewa au haiji kabisa. Hitimisho la kinadharia ni kwamba mdiria mmoja wa mlimani huleta hasara kubwa kuliko mdiria mmoja wa bondeni, hata kama bondeni ndiko wanakoonekana wengi. Ni dhana inayopimika, na mshauri wa kilimo akipewa jibu lake ataacha kutoa ushauri mmoja kwa mabwawa ya aina mbili.

Kujua ndege amekula nini kuna njia zake. Watafiti wa zamani walipiga ndege risasi na kupasua tumbo. Vitabu vikubwa vya ndege wa Kongo vya James Chapin, vilivyotoka kati ya 1932 na 1954, viliandikwa katika zama hizo. Leo njia hiyo haina sababu. Mdiria hutapika matonge ya mifupa na magamba chini ya tawi analolalia au mbele ya tundu lake ukingoni. Tonge likilowekwa na kuchambuliwa chini ya darubini hutoa pingili za mgongo, taya za koo na mawe ya sikio, na kila kimoja kina umbo la jamii yake: taya ya koo ya tilapia haifanani na kitu chochote cha sambaza. Kwa kupima mfupa na kuulinganisha na mifupa ya samaki wanaojulikana urefu, ukubwa wa samaki aliyeliwa hupatikana. Kasoro ipo, kwa kuwa mifupa midogo sana huyeyuka tumboni na vifaranga huhesabiwa pungufu, na hao ndio hasa wanaotafutwa. Kwa hiyo matonge huambatanishwa na saa za kukaa bwawani na kuhesabu mipigo, iliyofanikiwa na iliyokosa. Njia ya tatu ni isotopu za kaboni: samaki wa bwawa waliokula sana mazao ya mahindi hubeba alama tofauti na samaki wa ziwani, na alama hiyo hupita hadi kwenye unyoya wa ndege aliyewala.

Kazi bora ya aina hii katika Afrika Mashariki ilifanyika Ghuba ya Mwanza. Jan Wanink na Kees Goudswaard, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifuatilia mabadiliko ya Ziwa Victoria, walionyesha mwaka 1994 jinsi mdiria alivyobadili mlo baada ya sangara kuwamaliza furu: aliyekuwa akila furu alihamia kwa dagaa wa ziwa hilo, na kwa kuwa dagaa ni mwepesi kuliko furu, ilimbidi avue samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe. Utafiti huo ukaingia katika tasnifu ya Wanink ya mwaka 1998. Kabla yao, Heinz-Ulrich Reyer alilinganisha midiria wa Ziwa Victoria na wa Naivasha nchini Kenya. Victoria, ambako chakula kilikuwa kigumu kupatikana, wazazi waliwakubali madume wasio ndugu wawasaidie kulisha makinda. Naivasha, ambako kulikuwa na nafuu, waliwafukuza. Kwa mfugaji habari hiyo ina maana ya moja kwa moja: kinachoamua idadi ya ndege wanaotegemea bwawa moja wakati wa makinda ni ugumu wa uvuvi nje ya bwawa, na tundu moja la ukingoni linaweza kuwa na walezi watatu au wanne badala ya wawili.

Ndege pia hubebeshwa lawama za wengine. Fisi-maji huja usiku, kenge hujificha kwenye majani, nyoka na vyura wakubwa hula vifaranga bila mtu kuwaona, na mwizi mwenye wavu ni mwizi wa usiku vilevile. Asubuhi samaki wamepungua, na anayeonekana juu ya mti ni mdiria. Mahojiano na wakulima peke yake, hata yakiwa mengi na ya kweli, hupima kuonekana. Wakati Kenya ilipochimba maelfu ya mabwawa kuanzia mwaka 2009 kwa mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, malalamiko kuhusu ndege yalisikika kila mahali. Malalamiko hayo huonyesha kwamba tatizo lipo bila kuonyesha ukubwa wake.

Ipo hasara nyingine isiyohusu kula, nayo ni vimelea. Minyoo bapa ya jamii ya Clinostomum hukomaa katika koo la kongoti. Mayai huingia majini ndege anapovua, viluwiluwi huingia ndani ya konokono, kisha hutoka na kujichimbia katika nyama au ngozi ya samaki na kufanya vijivimbe vya manjano. Kongoti akimla samaki huyo, mzunguko unakamilika. Mwaka 2010 aina mojawapo, Clinostomum cutaneum, ilielezwa upya kutoka kwa kongoti na tilapia wa Kenya, mnyoo mkomavu kwa ndege na kiluwiluwi kwa samaki. Samaki mwenye vijivimbe hivyo hakubaliki sokoni hata akiwa mnene. Lakini mzunguko una viungo vitatu, na cha kukatwa kwa urahisi ni konokono: bwawa lililofyekwa majani ya kingo na kukaushwa vizuri kati ya vuno na vuno huwa na konokono wachache, na kongoti hata akija hana cha kueneza.

Vizimba vya ziwani vina kanuni zake. Ziwa Victoria upande wa Kenya lilikuwa na zaidi ya vizimba 3,000 kufikia mwaka 2017, na pande zote mbili za Kivu njia hiyo imeanza kufuatwa. Kizimba huweka samaki wengi mahali pamoja, mbali na konokono wa ufukoni, kwa hiyo minyoo bapa hupungua. Mnandi hawezi kuingia iwapo kuna wavu wa juu, lakini hupiga mbizi na kuwadonoa samaki kupitia matundu, na jeraha ni mlango wa ukungu na bakteria. Wakati huohuo chakula kinachodondoka chini ya kizimba huvuta samaki wa ziwani, nao huvuta ndege. Mtu akihesabu minandi ishirini kwenye fremu anaweza kuwa anahesabu ndege wanaokula samaki wasio wa mtu yeyote. Matonge tu, au majeraha yaliyohesabiwa kwa samaki waliopimwa, ndiyo yanayotofautisha.

Kinga zinajulikana. Wavu juu ya kizimba hulipa gharama yake haraka. Kwa bwawa la ari mbili wavu kamili ni ghali kwa mkulima wa kawaida, na wengi hutumia nyuzi zilizovutwa kutoka ukingo hadi ukingo, ambazo humzuia kongoti kutua na humsumbua mdiria kwa siku kadhaa kabla ya kuzizoea. Kingo zilizochongwa wima na kina cha nusu mita hadi mita tangu ukingoni humnyima kongoti pa kusimama. Lililo bora kwa mkulima maskini ni kulinda kwa wakati: kidimbwi kidogo cha kulelea vifaranga, chenye wavu wa bei ndogo, mpaka wafike gramu 30 au 40, kisha kuwahamishia bwawani. Wavu wa mita za mraba 20 hulinda kipindi ambacho wavu wa 200 ungetakiwa kukilinda.

Kilicho kibaya kuliko vyote ni sumu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, dawa ya wadudu ya kabofurani ilitumiwa kutega korongo na ndege wengine wa majini, na ndege hao wakaliwa na watu. Sumu hiyo bwawani ingemfikia samaki, mbwa wa mlinzi na mtoto anayekunywa maji ya mfereji. Sheria ya Kongo ya uhifadhi wa maumbile, namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, inamlinda mnyama wa porini, lakini mkulima aliyepoteza mbegu yake anahitaji kwanza jibu la kitaalamu linalomsaidia kabla ya kusomewa sheria. Marekani iliwahi kujaribu njia ya bunduki kwa kiwango kikubwa: kuanzia mwaka 1998 wafugaji wa majimbo 13 waliruhusiwa kuwaua minandi mabwawani bila kibali cha mmoja mmoja, na mwaka 2016 mahakama ikaibatilisha ruhusa hiyo. Katika miaka hiyohiyo kazi iliyosaidia uelewa zaidi ilikuwa ya majaribio: bwawa la vifaranga wa kambare wa Marekani liligawanywa, minandi wakaachiwa upande mmoja, na mwisho wa msimu pande zote mbili zikavunwa na kupimwa. Tofauti ya uzito ndiyo hasara. Hakuna njia ya mkato inayolingana na hiyo.

Bukavu ina desturi ya uzamivu inayoweza kubeba jaribio kama hilo. Kituo cha utafiti cha Lwiro, kilichoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, kiko kilomita chache kutoka mabwawa ya Kabare. Chuo cha ualimu cha ISP kina kitengo cha hidrobiolojia ambacho watafiti wake watatu walitetea tasnifu Namur, Ubelgiji, kuhusu ziwa hilihili: Boniface Kaningini mwaka 1995, kuhusu ukuaji, uzazi na uvuvi wa sambaza katika beseni la Bukavu, Pascal Isumbisho mwaka 2006, kuhusu planktoni wanyama, na Pascal Masilya mwaka 2011, akilinganisha mlo wa sambaza na wa samaki mwingine, Lamprichthys. Kwa upande wa ndege, Alexandre Prigogine aliyefanya kazi Kamituga aliacha kitabu cha mwaka 1971 kuhusu ndege wa milima ya Itombwe. Mnyororo wa chakula umeandikwa kutoka planktoni hadi sambaza, na ndege wameorodheshwa. Kiungo kati ya samaki na ndege ndicho kinachosubiri mtu wa kukipima.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara ya mbali. Linahitaji jozi za mabwawa katika ngazi tatu za mwinuko, tuseme karibu na Kamanyola katika bonde la Ruzizi, karibu na mji, na huko Kabare juu ya mita 1,800, kila jozi ikiwa na bwawa lenye wavu na lisilo na wavu, mbegu ileile na chakula kilekile. Wavu huo uruhusu fisi-maji na kenge kupita chini, ama sivyo kinachopimwa si ndege peke yao. Uzito wa samaki uchukuliwe kila mwezi, matonge yakusanywe kila wiki, joto la maji liandikwe alfajiri na alasiri, na bei ya sambaza sokoni ifuatiliwe kama kipimo cha wingi wake ziwani. Wakati wa vuno, samaki wa kuuzika na watoto wapimwe kwa kutenganishwa. Ngazi ya Kamanyola na ya Kabare zisitegemee mtu mmoja kusafiri: tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipouchukua mji, barabara za kwenda huko hazina uhakika, na mtu mwenye darubini kando ya maji huulizwa maswali. Wasaidizi wawe wenye mabwawa wenyewe, wenye mizani na daftari, na wenye haki ya kuona matokeo ya mabwawa yao kabla ya mtu mwingine yeyote.